Halima, Jacob na Mzigo wa Bwana Daudi

Kuna riwaya moja ambayo nimeisoma mara mbili kwa kuazima, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa ubishi. Ni Out of Darkness, Shining Light ya Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, iliyotoka mwaka 2019. Imesifiwa sana, na inastahili. Lakini sisi vijana tunaojifunza kuandika tusiishie kupiga makofi tu. Mimi nina kesi na kitabu hiki, na kesi yenyewe inamhusu mhusika mmoja, Jacob Wainwright.

Kwanza kisa chenyewe, kwa wale ambao shuleni walikipita haraka haraka. Daktari David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa na msafara wa watu wapatao sabini: wapagazi, wapishi, wake zao, watoto. Wangeweza kumzika palepale, wakagawana vitambaa na shanga, kila mtu akashika njia yake. Nani angewauliza? Hawakufanya hivyo. Walitoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauzungushia nguo, gome la mti na turubai. Kisha wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Aprili mwaka huo huo Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, na mmoja wa waliolisindikiza jeneza alikuwa kijana Mwafrika, huyo huyo Jacob.

Kwa nini waliubeba? Vitabu vya kimisionari vilijibu kwa neno moja: uaminifu. Hata medali zilichongwa kuusifu uaminifu huo, ingawa zilipokuwa tayari wengi wao walikuwa wametawanyika zamani. Jibu hili mimi huwa linanikwaza. Mbwa naye ni mwaminifu. Mtu anapotembea miezi tisa na maiti begani, anatozwa hongo, anaumwa homa, anazika wenzake njiani, lazima ana sababu zake mwenyewe zenye jina na sura. Gappah ameliona pengo hilo, na riwaya yake yote inaishi ndani yake. Inafunguliwa kwa sauti ya "sisi", sauti ya msafara mzima, halafu usimulizi unaachiwa watu wawili: kwanza Halima, mpishi, baadaye Jacob, msomi na mcha Mungu.

Sehemu ya Halima ni tamu, jamani. Mwanamke huyu ana mdomo! Amekulia Zanzibar, mtoto wa suria, ameuzwa huku na huku, na hakuna jambo asilolitolea maoni. Anapika, anasengenya, anagombana na mabwana wanaojiona wakubwa wa msafara. Na katikati ya soga zake anauliza swali ambalo maprofesa wameandika vitabu vizima bila kuliuliza: mwanamume mzima anaachaje mke na watoto, anavuka bahari, anazunguka miaka na miaka kutafuta mahali mto unapoanzia? Ina faida gani hiyo?

Swali hilo lina uzito kuliko mzaha wake. Livingstone wa kweli alimrudisha mkewe Mary na watoto Uingereza mwaka 1852 ili yeye aendelee na njia. Mary alipomfuata tena, alifariki kwa homa Shupanga, ukingoni mwa Zambezi, mwaka 1862. Mtoto wao Robert alikwenda kufia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1864. Huyu ndiye tuliyefundishwa kumwita mtu aliyejitoa kwa ajili ya wengine. Na kweli alijitoa, maandishi yake juu ya biashara ya watumwa yalisaidia kuwafanya Waingereza waibane Zanzibar mpaka soko likafungwa mwaka 1873. Lakini wa karibu naye ndio walioilipia safari. Gappah hapigi kelele juu ya hilo. Anamwachia Halima aseme huku anakoroga chungu, basi.

Hapa niseme jambo ambalo riwaya imenifanya nilione katika mfano wa Msamaria Mwema. Mahubiri yote niliyowahi kuyasikia ni juu ya Msamaria: alisimama, akafunga majeraha, akampandisha mtu kwenye mnyama wake, akalipa dinari mbili. Sawa. Lakini kesho yake Msamaria aliondoka! Alikuwa na safari yake. Aliyebaki na mgonjwa ni mwenye nyumba ya wageni. Huyo ndiye aliyemlisha, akamgeuza usiku, akamfulia nguo zenye usaha, na hakuna anayemhubiri. Baba yangu mdogo alikuwa mwinjilisti wa baiskeli, kijiji hadi kijiji, mwezi mzima hayupo. Akirudi anashangiliwa. Waliokuja kulala kwetu wakiwa na shida, yatima na wajane aliowaelekeza yeye, walipikiwa na mama mdogo. Sijawahi kusikia akiombewa kanisani kwa kazi hiyo.

Halima ndiye mwenye nyumba ya wageni, ila nyumba yake inatembea. Kila jioni anaifungua mahali papya: mafiga matatu, moto, unga. Msafara unapokaa, unakaa kwake. Hata ujuzi uliouwezesha mwili kufika pwani, chumvi na jua, ni ujuzi wa jikoni. Ukiuliza Ukristo una neno gani kwa mtu anayeishi njiani, mimi naona Gappah amelipata jibu kwa mwanamke ambaye wala si Mkristo. Hilo ni pigo zuri la kisanii, na ndiyo sababu ya furaha yangu ya mara ya kwanza.

Sasa ubishi. Tukitoka kwa Halima tunamwingia Jacob, na hewa inabadilika. Sentensi zinakuwa ndefu, zimejaa Biblia, na mwendo wote unaiga Safari ya Msafiri ya John Bunyan. Jacob anajiona amechaguliwa. Anataka kuwa kasisi. Wenzake Waislamu na wasiobatizwa anawahesabu kama waliopotea, dhambi za kila mtu anaziandika, ila tamaa yake mwenyewe kwa mwanamke wa msafarani anaifunika kwa maandiko. Kwa fani, ni kazi ya ufundi: msomaji anamjua Jacob kuliko Jacob anavyojijua. Nilicheka. Halafu mara ya pili nikaacha kucheka, nikajiuliza, tunamcheka nani hasa?

Jacob wa kweli alikuwa Myao. Alikamatwa mtoto, akauzwa, akaokolewa na meli ya Waingereza, akapelekwa India, kwenye shule ya misheni huko Nasik karibu na Bombay. Huko alipata jina la Kizungu, Kiingereza, kalamu na Kristo. Kwao hakukuwepo tena. Mwaka 1872 akaletwa katika kundi la watu lililotumwa kumfuata Livingstone bara, na mwaka mmoja baadaye ndiye aliyesoma sala za maziko ya moyo wa Daktari na kuchonga maneno kwenye mti. Shajara aliyoandika njiani ipo mpaka leo. Kijana kama huyo, dini haikuwa koti la kuvaa apendeze kwa Wazungu. Ilikuwa kitu pekee kilichomfuata kila alikohamishwa bila hiari yake. Sisi wengine tuna kijiji cha kutaja tukiulizwa "kwenu wapi?" Yeye alikuwa na zaburi.

Gappah anaijua historia hii, na mahali pengine anaigusa. Ila anapochagua kati ya maumivu ya Jacob na kichekesho cha Jacob, mara nyingi anachukua kichekesho. Halima akikosea tunamsamehe kwa sababu tumeonyeshwa alikotoka. Jacob akikosea tunaambiwa: oneni, mlokole huyo! Kwa lugha yetu ya darasani, Halima ni mhusika duara na Jacob anaponea chupuchupu kuwa bapa.

Na hili la Bunyan linanipa hoja zaidi. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake, ya mwaka 1678, ni safari ya mtu mmoja. Mkristo anakimbia mji wake akiziba masikio kwa vidole asiwasikie mke na watoto wanaomwita. Anaokoa roho yake mwenyewe kwanza. Ukisoma hapo tu, unaweza kusema ndiyo, dini ya Jacob ndiyo hii, dini ya kuziba masikio. Lakini Bunyan alirudi mezani. Mwaka 1684 akatoa sehemu ya pili, na humo mke yule yule, na watoto, wanaishika njia ile ile. Safari hii ni ya kundi. Kuna anayetembea kwa magongo, kuna aliye dhaifu wa moyo, na wote wanasubiriwa, hakuna anayeachwa nyuma. Mwendo unakwenda kwa kasi ya aliye wa mwisho. Huo si ndio msafara wa kutoka Chitambo? Wanawake, watoto, wagonjwa, na maiti isiyoweza kuharakishwa. Gappah alikuwa na Bunyan wa pili mkononi. Angemfanya Jacob aanze na kitabu cha kwanza na alazimishwe na njia, kwa machozi, kuingia cha pili. Kuna kurasa ambazo karibu afanye hivyo. Mimi nilitaka sura nzima.

Labda nitaambiwa naitetea dini kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisani. Ni kweli mimi ni wa kanisani, lakini sitaki Jacob awe malaika. Malaika tunao tayari. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934, aliandika habari za watumwa waliokombolewa na kukaa Freretown, Mombasa, watu wa jamaa moja na akina Jacob. Kitabu kile kimejaa shukrani, kila Mwingereza anang'aa, mpaka msomaji wa leo anatafuta pa kupumulia. Mbotela ni shukrani tupu, na Gappah, anapofika kwa Jacob, ni shaka tupu. Mtu mwenyewe, aliyeshukuru na kuumizwa na mkono ule ule, bado hajaandikwa.

Nalisema hili kwa sababu yetu sisi. Angalia hadithi tunazoandika sisi kwa sisi na kupitishiana. Mchungaji akitokea, ni mwizi wa sadaka au mzinzi. La sivyo, ni mtakatifu asiyewahi kukasirika hata akikanyagwa kwenye daladala. Mtu anayeamini kweli, anayesaidia watu kweli, na bado ana kiburi, njaa na uongo wake mdogo, huyo anatushinda. Ni rahisi kumcheka. Hata mwandishi mkubwa amemcheka, na wengi wetu tutaiga kicheko hicho tukidhani ndio usasa.

Kuna tukio moja la kihistoria ambalo lingekuwa mtihani mzuri kwa mwandishi yeyote. Kwihara, karibu na Tabora, msafara ulikutana na ofisa wa Kiingereza, Luteni Cameron, akawashauri mwili uzikwe hapo. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakatangaza kwamba wanairudisha ikazikwe Unyanyembe, wakafunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, watu wakayabeba kwa heshima zote kurudi nyuma, kisha wakayatupa porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la kitambaa, ukapita kama mzigo wa biashara. Fikiria kijana aliyelelewa na misheni, aliyefundishwa kwamba uongo ni dhambi, anatembea nyuma ya robota lile na kimya. Dini yake inamwambia nini usiku ule? Hapo hapahitaji kejeli hata tone, wala mahubiri.

Neno la mwisho ni juu ya lugha. Nilikisoma kwa Kiingereza, na mara kadhaa nilijikuta nikimfasiri Halima kichwani, maana lugha ya misafara ile ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chake kingekuwa cha Unguja, cha uani, chenye mafumbo na masimango. Kuna vichekesho ambavyo kwa Kiingereza vinatabasamu tu, kwa Kiswahili vingeangusha watu viti. Mchapishaji atakayempa kazi hiyo mfasiri hodari hatajuta.

Jacob yeye hakupata parokia wala sifa za Chuma na Susi. Baada ya London alirudi huku, akafanya kazi hapa na pale, akafariki mwaka 1892 huko Urambo, mkoani Tabora, si mbali na njia ile aliyopita na robota. Miaka yake 18 ya mwisho riwaya hii haikuigusa sana. Kama kuna kijana wa Urambo anayesoma ukurasa huu na anatafuta pa kuanzia, mimi sitamtangulia. Nampa mwaka mmoja.