Fukusi wa Tumbaku

Urambo, Kaliua na Sikonge, tumbaku ikishatolewa banini na kufungwa marobota, mkulima hupumua. Fukusi ndiyo kwanza anaanza kazi. Ni mdudu wa rangi ya hudhurungi, mkubwa kidogo kuliko punje ya ulezi, kichwa kakiinamisha chini ya kifua. Mzima hali kitu cha kutajika. Mlaji ni buu wake.

Jani la tumbaku lina nikotini, sumu ambayo mche huitengeneza mizizini na kuipandisha majanini. Mdudu asiyeiweza hushikwa mishipa ya fahamu, akatetemeka, akapooza, akafa. Buu wa fukusi, mweupe, mwenye manyoya, mwili kaukunja, hulitoboa jani taratibu, nyuma akiacha njia iliyojaa vumbi. Kila anachomeza hufika mahali ambapo utumbo wa mbele unakutana na ule wa kati. Hapo pana vifuko vidogo, na ndani ya seli zake wanaishi kuvu wanaofanana na hamira. Kuvu hao humpa vitamini B, na vimeng'enya vyao humsaidia kuvunja sumu za mimea. Nikotini yenyewe, ikiwa mwilini mwake, huongezwa oksijeni ikawa kotinini, ambayo makali yake ni madogo. Maabarani, mabuu walioondolewa kuvu walilemewa na sumu ambazo wenzao walizihimili.

Mimi ninachokistaajabia zaidi ni urithi wenyewe. Jike ana vifuko karibu na mlango wa kutagia, na kila yai likitoka hupakwa kuvu. Baada ya siku 6 hadi 10 yai huanguliwa. Buu haanzi na tumbaku; hutafuna kwanza ganda alimotoka, na kwa tonge hilo kuvu wa mama yake huwa wake.

Ujuzi huu wa kuhimili sumu ni wa kale. Fukusi hawa walikutwa katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, wakati tumbaku ilikuwa bado mmea wa Amerika tu. Ilipovuka bahari, ikaja kulimwa hata Unyanyembe, palipokutania misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ilimkuta mdudu mwenye karakana iliyokamilika tumboni. Maana hali tumbaku peke yake. Pilipili kavu anaila. Unga wa pareto, ule unaoua mende, anaula pia.