Ufundi Unaoanzia kwenye Zege

Ukishuka Barabara ya Port Bell kutoka Bugolobi kuelekea Luzira, magorofa hupungua, nyumba husongamana, na huko ndiko Kitintale. Hapo Jackson Mubiru na wenzake walijenga, mwaka 2006, uwanja wa kwanza wa skeitibodi nchini Uganda. Wapo wanaosema ni mchezo wa kuazima. Mimi naona Kitintale wameushika kwenye shina lake. Miaka ya 1950, vijana wa California waliozoea kuteleza juu ya mawimbi walipigilia magurudumu ya viatu vya kuskeiti kwenye vipande vya mbao. Ukame wa miaka ya 1970 ulipokausha mabwawa ya kuogelea, wakayageuza viwanja. Frank Nasworthy naye alikuwa ameleta magurudumu ya urethani, yasiyokwama kwenye kila kokoto. Mchezo umekua hivyo tangu mwanzo, kwa watu kutumia kilichokuwepo. Tofauti ni kwamba wale walikuta zege limeshamwagwa, na hawa wa Kitintale walilimwaga wenyewe. Tena zege la mpindo halisamehe: pakibaki kinundu kimoja, gurudumu hukamata na mtu hurushwa.

Anayedhani huu ni upuuzi wa vijana wasio na kazi na autazame mruko unaoitwa oli, uliobuniwa na Alan Gelfand wa Florida miaka ya 1970. Mguu wa nyuma hukanyaga mkia wa ubao kwa kishindo. Wa mbele hukwaruza karatasi ya msasa iliyobandikwa juu ya ubao, ukiuvuta upae na kulala sawa hewani. Mikono haigusi kitu. Kiatu cha mbele hutoboka ubavuni, karibu na kidole kidogo, na tobo hilo ni cheti tosha cha mazoezi.

Ni kweli watu huumia. Kuanguka vizuri nako hufunzwa. Ni kweli pia kwamba ubao ni ghali na wengi hutumia mmoja kwa zamu. Ama ugeni, mpira wa miguu nao ulikuja na meli, na hakuna anayeuliza pasipoti yake. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilishaupokea mchezo huu mwaka 2021. Basi ninyi mnaomwaga zege kila mwezi Bugolobi kwa ajili ya maegesho ya magari, acheni kona moja, muipige niru vizuri, na msiifungie geti.