Kope ya Msemaji, Sikio la Msikilizaji

Katika semina zetu, kikitajwa kitabu cha Jean-Dominique Bauby, Le Scaphandre et le Papillon (1997), neno la kwanza kusikika ni "ujasiri". Jamani, ujasiri si istilahi ya uhakiki! Mara nyingi ni sifa tunayomvika mwandishi ili tusiisome kazi yake. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba dhamira kuu ya kitabu hiki ni wajibu wa msikilizaji.

Kwanza tuyakumbuke mazingira ya utunzi. Bauby alikuwa mhariri mkuu wa jarida la Elle, Ufaransa. Desemba 1995, akiwa na miaka 43, alipata kiharusi kilichompooza karibu mwili mzima na kumnyang'anya sauti. Akili ilibaki timamu, na kope ya jicho la kushoto ikawa mlango wake wa kuongea. Hospitalini Berck alitumia alfabeti iliyopangwa kwa wingi wa matumizi ya herufi katika Kifaransa: E, S, A, R, I, na kuendelea. Mwenzake anataja herufi moja moja. Ikifika anayoitaka, Bauby anapepesa. Ndivyo alivyomwandikisha Claude Mendibil kitabu kizima mwaka 1996. Alifariki Machi 1997, siku chache baada ya kitabu kutoka.

Tukija kwenye fani, sura ni fupi fupi. Bauby anaeleza kuwa alizigeuzageuza sentensi kichwani na kuzikariri kabla mwandikaji hajafika. Kwa hiyo ufupi huu haukutoka kwenye mtindo wa Paris. Umetokana na bei ya kila herufi. Hapa fani na maudhui havitenganishiki.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya wageni wanaokuja kumtazama. Wapo waangalifu wasiothubutu kukisia hata mwisho wa neno lililo wazi. Wapo wenye pupa. Siku moja aliomba miwani, kwa Kifaransa lunettes. Msikilizaji akaishia kwenye lune, yaani mwezi, akamwuliza mwezi anautakia nini! Bauby mwenyewe aliona ushairi humo. Sisi tunacheka. Lakini hebu tujiulize: pale nani alishindwa kuwasiliana?

Sasa tukilete kitabu nyumbani. Kwa Kiswahili alfabeti hiyo ingeanza na A, na Q na X zingetupwa nje. Tatizo kubwa lakini lingekuwa kwenye kitenzi. Mtu akikupepesea "ninaku...", tayari unajua nani anasema na nani anaambiwa, ila hujui kama anakupenda, anakuogopa au anakungoja tu. Mzizi unakuja nyuma. Lugha yetu inamdai msikilizaji angoje. Na sanaa yetu pia: fanani akisema "Paukwa!", hadithi haianzi mpaka hadhira ijibu "Pakawa!" Kwani si hapo tulipofundishwa kwamba masimulizi ni kazi ya watu wawili?

Kwa mantiki hiyo, kitabu kina upungufu mmoja. Mendibil anashukuriwa mwanzoni na kuonekana tena mwishoni, lakini katikati yuko gizani. Alikisia mara ngapi? Nani aliamua mkato ukae wapi? Kitabu kinachowapima wasikilizaji wote kingempima na huyu aliyesikiliza vizuri kuliko wengine. Filamu ya Julian Schnabel ya 2007 ilijaribu kuziba pengo hili: sehemu kubwa ya mwanzo inatuweka ndani ya jicho la Bauby, nasi tunawaona wasikilizaji wakihangaika mbele yetu.

Mtasema haya ni mambo ya Ufaransa. Basi tazameni darasani. Mwenzetu mwenye kigugumizi akisimama kuchangia, tunammalizia sentensi, eti tunamsaidia. Mimi pia nimefanya hivyo. Mara nyingine tunachommalizia sicho alichotaka kusema, naye anaketi, maana kukaa ni rahisi kuliko kuanza upya. Mwalimu anasema "asante", mjadala unaendelea, na hakuna anayejua hoja gani imepotea.

Msomaji mpenzi, ukikisoma kitabu hiki usimhurumie Bauby. Yeye alisema yote aliyokuwa nayo. Jiulize wewe ungekuwa mgeni wa namna gani pembeni ya kitanda kile.