I Mbili za Mame-Bantu

Anayepika ni mpishi, si mpiki. Lakini ukimpikia mgeni, husemi umempishia. Anayefuata ni mfuasi, ila tunasema kufuatia, kufuasia hakuna. Irabu inayokuja baada ya mzizi ni i ileile, na bado mahali pamoja inageuza k kuwa sh na t kuwa s, pengine inaziacha zilivyo. Shuleni tunakariri tu. Mwanaisimu linganishi yeye huuliza: je, hizi zamani zilikuwa i mbili?

Zilikuwa mbili. Mame-Bantu, lugha mama ya lugha za Kibantu, ambayo haikuandikwa popote na inakadiriwa kusemwa miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita kwenye mpaka wa leo wa Nigeria na Kameruni, imeundwa upya ikiwa na irabu saba. Kiswahili kimebaki na tano. Kikuyu kimezitunza zote saba, tena kinaziandika: i na ĩ, u na ũ. Kiambishi cha kutendea kwa Wakikuyu ni -ĩra. Cha mtenda ni -i. Pale Kiswahili kinapoiacha konsonanti salama, Kikuyu kina ĩ. Pale kinapoivuruga, kuna i kavu. Sababu ni ya kimatamshi. Irabu ya juu kabisa huubana mdomo hadi hewa ikatoka kwa mkwaruzo, na kipasuo kilicho mbele yake kikaishia kuwa kikwamizi.

Jaribu upande wa u. Kiswahili tuma, Kikuyu tũma: t imetulia. Lakini fua, kwa maana ya kufua chuma, Kikuyu ni tura, na mhunzi ni mũturi. Basi t iliyotangulia u ya juu kabisa ndiyo iliyotupa f, na mzizi ukaandikwa *-túd-. Nyota iliyo mbele yake inakiri kwamba hakuna aliyewahi kuusikia mzizi huo. Kialama juu ya u ni toni ya juu, mali ambayo Kiswahili sanifu kimeitupa. Na ile d? Kikuyu kimeifanya r, sisi tumeimeza, ila ukimfulia mtu jembe, inachomoza ikiwa l.

Hata ngeli zina alama za i hizo mbili. Ki- ya kitu ilibeba i iliyolegea, ile ĩ, ndiyo maana haikugeuka shi-. Wingi wake ulikuwa *bi-, wenye i ya juu kabisa, b ikawa v, tukapata vitu. Waganda bado husema ekintu na ebintu.

Carl Meinhof alichapisha msingi wa kazi hii ya kuunda upya mwaka 1899 kwa kutumia lugha chache tu. Malcolm Guthrie, katika juzuu nne za 1967 hadi 1971, alipanga makundi zaidi ya 2,000 ya maneno mnasaba, kisha kutokana na hazina hiyo akaweka chimbuko la Wabantu kusini mwa msitu wa Kongo. Joseph Greenberg, aliyezilinganisha lugha hizi na ndugu zao wa Afrika Magharibi, alielekeza kidole kaskazini-magharibi, na wataalamu wengi wako upande wake. Guthrie hakukosea kuhesabu. Aliitazama familia bila kuwatazama binamu.

Kwenye sarufi ndiko ninakosita. A. E. Meeussen, mwaka 1967, aliupangia mnyororo wa kitenzi nafasi zake, na hatukumpikia yetu inaingia humo karibu yote: kanushi, nafsi, wakati, mtendewa, mzizi, kutendea, irabu ya mwisho. Mpango unapendeza. Lakini katika lugha nyingi za kaskazini-magharibi, viambishi vya nafsi na vya wakati husimama mbali na kitenzi kama maneno yanayojitegemea. Hapo wataalamu wamegawanyika: wengine wanaona mnyororo ulikuwapo tangu mwanzo, lugha hizo zikaukata, wengine wanaona vipande vilikuwa huru, vikagandana baadaye safarini mashariki na kusini. Sauti hazitoi hukumu hapa, maana kipande kilichoganda na kilichokatwa huweza kuwa na konsonanti zilezile.