Uwazi Usiotosha: Uhakiki wa Tawasifu ya Mwanamitindo

Wanafunzi wetu wanapoanza kusoma tawasifu hawakawii kutuuliza: je, mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe aweza kusema uongo? Aweza, bila shaka, lakini jibu hilo halitufikishi mbali. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mtu akifichua hata yale ambayo wengine wangeyafukia, je, tuamini kwamba amesema yote? Tumeona vyema kulijadili swali hili kwa kutumia kitabu cha Kimarekani kilichotolewa mwaka 2002, No Lifeguard on Duty, yaani ufuko usio na mlinzi wa waogeleaji, cha Janice Dickinson.

Dickinson alizaliwa New York mwaka 1955 na kukulia Florida. Kwa mujibu wa masimulizi yake, nyumba yao ilitawaliwa na baba katili aliyemdhulumu dada yake kingono, naye Janice akawa wa kupigwa na kutukanwa kwa sababu hakukubali kutii. Alipokwenda New York katika miaka ya 1970 kutafuta kazi ya kuonyesha mavazi, mawakala walimkataa. Soko la siku zile lilipenda wasichana wenye nywele za rangi ya dhahabu na macho ya buluu. Yeye alikuwa na nywele nyeusi na midomo minene. Paris ilimpokea, na baada ya Paris, New York nayo ikamfungulia milango. Ndipo zikafuata fedha nyingi, picha katika majalada ya magazeti makubwa ya mitindo, usiku katika kumbi kama Studio 54 iliyofunguliwa mwaka 1977, pombe, kokeini, ndoa zilizovunjika na orodha ndefu ya wanaume mashuhuri.

Kwa upande wa fani, kitabu kimeandikwa kwa lugha ya mazungumzo, yenye matusi na mizaha, nayo huenda mbio kama mwenye lugha mwenyewe. Sura za utoto na za kukataliwa ndizo bora kupita zote, kwa kuwa humo mwandishi hajipambi wala haombi kuhurumiwa. Sura za katikati ni dhaifu. Karamu hufuata karamu, jina hufuata jina, mpaka msomaji akachoka kama mgeni aliyekawia harusini.

Hata hivyo, chini ya kelele hizo imo dhamira nzito. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitabu hiki chatuonyesha kwamba katika biashara ya mitindo kizuri hakijiuzi hata kidogo. Huuzwa na wengine. Wakala hupanga bei, mpiga picha huchagua upande wa uso, mhariri hukata kingo za picha, na msichana hulipwa ili anyamaze na kutazama mahali alipoelekezwa. Hiyo ndiyo bahari isiyo na mlinzi.

Sasa tufikie jambo lililotufanya tukishike kalamu. Mwaka 2014 Dickinson alitangaza kwamba mwigizaji Bill Cosby alimpa dawa na kumbaka mwaka 1982 huko Lake Tahoe. Cosby alikanusha. Lakini kitabu cha mwaka 2002 kilisimulia safari hiyo hiyo kwa namna nyingine: mwanamke alikataa kuingia chumbani, na mwanamume akamfungia mlango usoni. Mwezi Aprili 2018, Dickinson alipotoa ushahidi katika kesi ya Cosby huko Pennsylvania, mawakili wa mshtakiwa walimsomea maneno ya kitabu chake mwenyewe. Alijibu kwamba maelezo yale yalibuniwa, kwamba mchapishaji hakukubali kutoa habari ya kubakwa, na kwamba alihitaji malipo ya kulea watoto wake. Mchapishaji wake, Judith Regan, naye alishuhudia kwamba aliambiwa habari hiyo wakati kitabu kikiandaliwa, ila wanasheria waliikataa kwa kukosa uthibitisho. Cosby alitiwa hatiani kwa shauri la mwanamke mwingine. Hukumu hiyo ilifutwa mwezi Juni 2021 kwa sababu ya ahadi aliyopewa na mwendesha mashtaka wa awali.

Si kazi yetu wahakiki kuhukumu kesi. Kazi yetu ni kuhukumu kitabu, na hapa kitabu kimejihukumu. Kilichosifiwa kwa kutoficha kitu kilikuwa na ukurasa ambao mwenye maisha, kwa kiapo, aliukana. Aibu zisizomtisha mwanasheria yeyote, kama ulevi na mapenzi ya kupita, zilimwagwa bila kipimo. Habari ambayo ingemgusa mtu mwenye nguvu ilikatwa kingo kama picha.

Yatupasa kutofautisha stara na udanganyifu. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu, husimulia kwa stara kubwa, na hatumwiti mwongo kwa ajili hiyo, maana stara yake iko wazi mbele ya msomaji. Kunyamaza ni haki ya kila msimulizi. Kosa la kitabu hiki si kunyamaza, bali ni kuweka tukio jingine mahali pa ukimya na kuliuza kama ukweli. Wala lawama hiyo hatuwezi kumtwisha mwanamke peke yake, kwa maana wenye mashine za kuchapa walikuwa na kauli kubwa kuliko yake.

Je, kitabu kitupwe? La, hasha. Hakifai madarasa ya chini, lakini kwa wanafunzi waliopevuka ni somo adimu. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake, kwa kila tawasifu wanayoisoma: nani alishika kalamu, nani alilipa, nani angeumia endapo yote yangesemwa? Msomaji aliyezoea kuuliza hivyo hatapima tena ukweli kwa wingi wa aibu zilizotajwa. Naye Dickinson, aliyezoea tangu ujana kuona wengine wakichagua upande wake wa kuonyeshwa, ilimchukua miaka zaidi ya 30 kuusema upande uliobaki.