Uso wa Jino Lililozibwa: Mwongozo wa Kutambua Kazi Inayostahimili Mswaki

Ubora wa kizibo, yaani dutu iliyojaza tundu la jino, hauhukumiwi kwa mng'ao wake siku mgonjwa anapoinuka kwenye kiti cha daktari, kwa kuwa karibu kila dutu ya kuzibia hung'aa siku hiyo. Hukumu ya haki hutolewa baada ya mswaki kupita juu yake asubuhi na jioni kwa miezi na miaka, ambapo kizibo kimoja hubaki laini, kingine hufifia, na kingine huparuza hadi ulimi unakitambua. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita nchini Tanzania, ambako wachimbaji na wanunuzi wamezoea kukadiria dhahabu kwa jicho na kwa kidole, hakuna sababu ya mgonjwa kushindwa kuikagua kwa umakini uleule kazi iliyofanywa kinywani mwake.

Ukwaruzo wa uso hupimwa kwa mikromita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya mita, na kizingiti kinachokubaliwa na wataalamu wengi ni wastani wa mikromita 0.2: ukipita hapo, ukoga hupata pa kushikilia na vijidudu huongezeka, ilhali kuulainisha uso chini ya hapo hakuleti faida kubwa ya ziada. Ulimi huanza kuhisi ukwaruzo unapokaribia nusu ya mikromita, kwa hiyo ni kipimo cha kuaminika lakini kinachochelewa, kwani unapoanza kulalamika ukoga umekwisha kupata makao.

Nyuzi za mswaki peke yake hukwaruza kidogo sana. Kinachokwaruza ni chembe ngumu zilizomo katika dawa ya meno, hasa silika au chokaa, ambazo nyuzi huzishika na kuziburuta juu ya jino. Ndiyo maana mswaki laini hauwi mpole kila mara, kwa sababu nyuzi zake nyembamba na nyingi huweza kubeba dawa nyingi zaidi na kulala juu ya eneo kubwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11609 kinaweka ukomo wa 250 kwa ukali wa dawa ya meno, katika kipimo ambacho dutu ya kulinganishia hupewa thamani ya 100, lakini msomaji azingatie kwamba kipimo hicho hufanywa juu ya dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya gamba gumu la enameli, na hakielezi moja kwa moja jinsi dawa hiyo itakavyokitendea kizibo.

Dutu inayostahili kukaguliwa kwa makini zaidi ni kompositi, kizibo cheupe kinachogandishwa kwa mwanga wa buluu, kwa sababu uso wake umeundwa na vitu viwili visivyolingana: utomvu wa plastiki ulio laini, na punje za glasi au silika zilizo ngumu. Mswaki hula utomvu kwanza na kuziacha punje zikiwa zimechomoza, kama barabara ya changarawe ambayo mvua imeondoa udongo wake na kubakiza mawe, na hatimaye punje zenyewe hung'oka na kuacha mashimo. Kompositi za zamani zenye punje kubwa zilipoteza mng'ao upesi. Zile zenye punje ndogo mno hudumisha mng'ao lakini nyingi kati yake ni dhaifu kwa meno ya kutafunia. Na zinazochanganya punje za ukubwa mbalimbali hujaribu kupata nguvu bila kupoteza ulaini. Mkaguzi mzuri hatadanganywa na kizibo kilichobanwa kwa ukanda wa plastiki kikatoka laini kama kioo, kwa maana tabaka la juu la kizibo hicho ni utomvu mtupu ambao huisha haraka, wala hatakikubali kilichoachwa bila kusuguliwa, kwa kuwa hewa huzuia tabaka la juu kuganda sawasawa. Kazi nzuri husuguliwa kwa hatua, kutoka msasa mkali hadi mwororo, na huishia kwa unga laini, mara nyingi wa almasi, madini yaleyale yaliyoupa mgodi wa Mwadui, Shinyanga, umaarufu wake. Taa dhaifu ya kugandishia huharibu yote hayo, kwani utomvu ambao haukuganda vizuri huliwa na mswaki hata kama uso wake uling'arishwa kwa ustadi.

Saruji ya glasi ionoma, iliyoelezwa na Wilson na Kent mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutokana na unga wa glasi na asidi, hushikamana na jino yenyewe na hutoa floridi, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Ndiyo dutu inayotumika katika njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono bila umeme, ambayo chimbuko lake ni Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na kwa vijiji vilivyo mbali na hospitali thamani yake ni kubwa mno. Uso wake, hata hivyo, hauwezi kushindana na kompositi: huanza kuparuza mapema, na asidi ya soda au ya ukwaju huzidisha hali hiyo. Ubora wake basi upimwe kwa mipaka yake na jino, na kwa kuangalia kama daktari aliipaka vanishi au vasilini ikiwa bado changa, kwa sababu ikikauka upesi hupasuka nyufa nyembamba ambazo mswaki huzipanua.

Amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha, bati na shaba, huustahimili mswaki vizuri, na ikisuguliwa baada ya saa 24 hubaki laini kwa miaka mingi. Lakini zebaki hiyo ndiyo ileile inayochafua mialo ya kuchenjulia dhahabu huko Nyarugusu na Rwamgasa, Geita, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi ya amalgamu, na tangu uamuzi wa mwaka 2022 kuizuia au kushauri isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha.

Dhahabu, ambayo nayo hutumika kuzibia meno, ni laini kuliko enameli, hata ikichanganywa na metali nyingine ili iimarike, na kwa hesabu ya ugumu peke yake ingepaswa kushindwa na mswaki. Lakini uso wake ni wa aina moja, hauna punje za kung'oka, na chembe ya dawa inapopita huisukuma metali kando badala ya kuibandua. Mikwaruzo midogo huonekana, ila daktari huiondoa kwa dakika chache. Kofia ya kauri ni ngumu zaidi, nayo ikaguliwe pale daktari aliposaga ili kurekebisha mng'ato, maana kauri iliyopoteza gamba lake la kioo bila kung'arishwa tena hula jino la upande wa pili.

Mambo mawili ya Shinyanga na Geita yanahitaji tahadhari. Kwanza, vumbi la mawe kwenye makarasha, yaani mashine za kusagia mawe ya dhahabu, lina kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs ilhali enameli ni 5, kwa hiyo mchimbaji asukutue kwa maji kabla ya kupiga mswaki. Pili, maji ya visima katika sehemu za Shinyanga yana floridi nyingi, na madoa ya kahawia yanayotokana nayo yamo ndani ya enameli, hivyo kuyasugua kwa mkaa au mchanga hakuyaondoi, bali huparuza enameli pamoja na kompositi iliyowekwa kuyafunika.

Ukaguzi ufanyike juani, jino likiwa limekaushwa kwa kitambaa: kizibo chema huakisi mwanga bila mabaka, uzi wa kusafishia meno hupita kandoni mwake bila kuchanika, na kwenye mpaka wa jino na kizibo ulimi haupati ngazi. Meno bandia ya akriliki yana sheria yake, kwa kuwa plastiki hiyo ni laini mno kwa dawa ya meno, nayo huoshwa kwa sabuni ya kawaida, maji na mswaki wake wa pekee.