Singo ya Kantri: Anza na Jina

Kabla hujasikiliza gitaa, soma jina la wimbo. Watunzi wengi wa Nashville huanza na jina, kisha wakausuka wimbo mzima ili jina hilo likifika kwenye kiitikio liwe na maana usiyoitarajia. Aliyezoea mafumbo ya taarabu hatapata taabu hapa, ila kantri hulifumbua fumbo mbele yako, ndani ya dakika tatu hivi.

Kipimo changu ni “He Stopped Loving Her Today” ya George Jones, ya mwaka 1980. Jina linasema mwanamume ameacha kumpenda mwanamke fulani, unadhani amepona. Beti zinamwonyesha bado ameng'ang'ania: picha ukutani, barua za zamani. Kiitikio kinapoingia ndipo unapojua kwamba amekufa. Dalili ilikuwapo tangu mwanzo, ikapita kama kiapo cha kawaida cha mpenzi. Huo ndio utunzi.

Waliouandika ni Bobby Braddock na Curly Putman. Prodyuza Billy Sherrill hakuridhika, akawarudisha kazini waongeze kipande cha mwanamke kuja kumuaga marehemu. Jones haimbi kipande hicho, anakisema tu. Tega sikio hapo. Mwimbaji wa wastani angelia. Jones anaongea kama jirani aliyetumwa kupeleka taarifa ya msiba. Wapo wanaolalamika kwamba Sherrill alizidisha fidla. Sikubaliani nao: fidla hizo zinapanda pale hadithi inapozihitaji. Jones mwenyewe aliamini wimbo una huzuni mno, hakuna atakayeununua. Ukashika namba moja.

Kwa upande wa wapigaji, wale wa studio za Nashville huandika kordi kwa namba, hivyo ufunguo ukishushwa kumfuata mwimbaji, karatasi inabaki ileile. Kwa desturi ya zamani, kipindi kimoja cha saa tatu kilitoa nyimbo tatu au nne. Katika kasi hiyo fundi hujulikana haraka. Mpiga gitaa la stili aliye hodari hujibu mstari ukishakwisha. Akipiga juu ya maneno, ameuharibu wimbo.

Sauti nayo isikimbilie mdundo. Katika “Crazy”, iliyotungwa na Willie Nelson na kurekodiwa 1961, Patsy Cline huyaacha maneno yachelewe kidogo nyuma ya besi. Alikuwa na mbavu zilizoumia katika ajali ya gari, ikabidi bendi irekodi kwanza, yeye arudi baadaye kuweka sauti; wala humsikii akihangaika. Wakenya waliokua na Jim Reeves redioni wanaujua uimbaji huu usio na haraka. Katika “Four Walls” ya 1957 aliisogelea maikrofoni na kuimba polepole.

“Jolene” ya Dolly Parton, ya 1973, inaivunja kanuni yangu ya jina. Kiitikio hakigeuki, ni jina la mwanamke likiitwa na kuitwa tena. Nguvu yake imo katika gitaa lisilotulia chini ya ombi lisilojibiwa.

Kuhusu kutoka kwa singo, chati za wiki za kwanza hazinishughulishi sana. “I Fall to Pieces” ya Cline ilitoka Januari 1961. Ilipofika namba moja kwenye chati ya kantri, ulikuwa mwezi Agosti.